Binti Mkubwa wa Fundi Makochi

Palikuwa na fundi makochi ambaye mtaa mzima ulimwita Kaa Kwanza. Jina hilo hakupewa na wazazi wake, alijipa kwa mdomo wake mwenyewe. Mteja akifika karakanani kuulizia kochi, kabla hajasema anataka rangi gani, fundi alikuwa ameshamvutia kiti. "Kaa kwanza," humwambia. "Maneno baadaye. Kochi halinunuliwi kwa macho, linanunuliwa kwa makalio." Watu walicheka, jina likashika, na miaka ilivyokwenda wenye kulikumbuka jina lake la kuzaliwa wakabaki wachache.

Karakana ilikuwa banda la bati lililoegemea ukuta wa nyumba yake. Mbele zilisimama fremu za mbao ambazo hazijavikwa kitu, kama ng'ombe waliokonda wanaongoja kuchungwa. Ndani mlikuwa na sponji zilizorundikwa hadi kugusa paa, marobota ya vitambaa, mikanda ya mpira, makopo ya gundi, na ubao wa kutundikia mikasi na zile sindano ndefu ziitwazo shazia. Harufu ya gundi ilivuka ukuta ikaingia hadi kwenye mito ya kulalia. Mkewe alizoea kusema kwamba yeye aliolewa na wawili, fundi na gundi, na wa pili ndiye asiyetoka nyumbani.

Walijaliwa mabinti wawili. Wa kwanza aliitwa Dadi. Si kwamba ndilo jina lake, ila mdogo wake alipokuwa anajifunza kusema alishindwa kutamka "dada", likatoka "dadi", na nyumba nzima ikalifuata. Yule mdogo naye wakamwita Kitinda, kwa sababu baada yake hakuzaliwa mwingine.

Dadi alichelewa katika kila kitu. Alichelewa kukaa, akachelewa kutembea, na neno lake la kwanza lilikuja wakati watoto wa rika lake wanagombana kwa sentensi ndefu. Hata kicheko chake kilichelewa. Baba akitania mezani, wote wanacheka, wanamaliza, wanaanza habari nyingine, ndipo Dadi anaangua kicheko peke yake, macho yamejaa machozi ya furaha. Wakati mwingine kicheko kilikuja kesho yake asubuhi, anapiga mswaki.

"Atafunguka tu," fundi alisema kila mara. "Iko miti inayochelewa kuzaa, ikizaa utafute mtu wa kukusaidia kuchuma."

Mkewe alikuwa ameanza kuona mambo ambayo mumewe hakutaka kuyaona.

Dadi alipelekwa shule kwa wakati wake. Mwaka ukaisha hajaweza kuandika hata herufi ya kwanza ya jina lake. Herufi, alisema, hazitulii. Akarudia darasa. Akarudia tena, na safari hii Kitinda naye akaingia darasa lilelile, wakakaa dawati moja. Kitinda ndiye aliyekuwa akiushika mkono wa dada yake wenye penseli na kuuongoza, na mwalimu akigeukia ubao, akimwandikia kabisa. Mtoto akimcheka Dadi, Kitinda alimngoja nje wakati wa mapumziko, na aliyechekwa baadaye akawa mwingine.

Lakini Kitinda alifaulu, akapanda darasa. Asubuhi shule ilipofunguliwa, Dadi alimfuata mdogo wake hadi chumba kipya, akaketi ubavuni pake kama walivyozoea. Mwalimu akamshika mkono akamrudisha kwa wadogo. Hakugoma, alirudi. Kengele ya mapumziko ilipolia na watoto kuingia tena madarasani, akamfuata tena mdogo wake. Siku ya pili vilevile. Ikawa mchezo wa shule nzima. Watoto walipanga mstari uwanjani, mmoja anajifanya mwalimu na mwingine anajifanya Dadi, na mchezo wenyewe wakauita "kumrudisha". Kitinda aliutazama mchezo ule kutoka dirishani. Wakati huo hakutoka tena kwenda kupigana na mtu.

Fundi alilaumu walimu. Alimhamisha mtoto, akamhamisha tena. Kila shule mpya ilikuja na sare mpya na matumaini mapya, na kila mara baada ya muda aliitwa ofisini kuambiwa maneno yaleyale kwa sauti tofauti. Mwalimu mmoja alimwambia, "Mzee, kichwa cha huyu ni pakacha. Unamimina, yanatoka." Fundi alisimama, akasukuma kiti chake, akaondoka bila kuaga.

Jioni baada ya kazi alimkalisha binti yake juu ya rundo la sponji, akaandika herufi kwa chaki ya fundi kwenye kipande cha kitambaa cheusi.

"Hii ni nini?"

Dadi aliitazama sana. "Nyumba."

"Si nyumba. Nimekwambia jana. Nimekwambia na juzi. Itazame vizuri, mama."

"Ina mlango, baba."

Sauti ikampanda fundi. Hakumpiga mtoto hata siku moja, lakini sauti yake ilikuwa kubwa, na bati la karakana lilikuwa linaizidisha. Dadi aliziba masikio kwa viganja. Mama alikuja akamchukua, akampeleka jikoni, na huko akamfundisha kupanga vikombe kwa ukubwa, kukunja nguo, kuuliza kwa adabu, kuvuka barabara kwa kushika mkono wa mtu mzima. Alimfundisha jambo moja kwa muda mrefu, kisha lingine, kama mtu anayejaza mtungi kwa kijiko.

Hatimaye mama ndiye aliyempeleka hospitali, na fundi akaenda nao kwa shingo upande. Daktari wa watoto alikuwa mwanamke mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alicheza na Dadi muda mrefu, akampa vitu vya kupanga na vya kutafuta, akamuuliza hili na lile. Kisha akawageukia wazazi.

"Hii siyo homa niseme nitampa dawa ishuke," alisema. "Amezaliwa hivi. Kuna mambo atayashika, lakini kwa njia yake na kwa muda wake. Kuna mengine hatayashika. Mfundisheni kwa mikono, jambo moja moja, na msimlinganishe na mdogo wake."

"Atapona lini?" fundi akauliza.

"Haumwi, baba. Ndiyo maana siwezi kusema atapona."

Walipofika nyumbani fundi akavua viatu, akasema daktari yule hajui kazi, watafute mwingine. Mkewe alikuwa anamfungua Dadi vifungo vya gauni. Hakugeuka.

"Mume wangu, wewe unamsubiri mtoto ambaye hayuko njiani," alisema. "Aliyekuja ndiye huyu."

Maneno hayo yalimchoma, na alikaa nayo. Pengine yangemfanyia kazi mapema zaidi kama aliyeyasema angeishi. Lakini mama aliugua figo, akalala, na kabla mabinti hawajawa watu wazima akafariki. Siku ya mazishi Dadi aliwabebea watu maji ya kunywa, kikombe kimoja kimoja, kwa uangalifu, kama alivyofundishwa. Hakulia. Alilia baada ya majuma mengi, anakunja nguo, alipokuta khanga ya mama yake chini ya rundo. Alilia siku mbili, na fundi, ambaye alidhani binti hakuelewa, alikaa naye sakafuni asijue aanzie wapi.

Baada ya hapo alimtoa shule, akamwingiza karakanani.

Na huko, polepole, baba na binti wakapatana. Kazi ya kwanza ya kulifufua kochi kuukuu ni kulivua, na kuvua ni kung'oa pini moja baada ya nyingine kwa bisibisi na koleo. Ni kazi inayowakimbiza wanafunzi wa ufundi. Dadi hakuikimbia. Alikaa mbele ya kochi tangu asubuhi, ulimi umetoka kidogo pembeni mwa mdomo, akang'oa pini na kuzitia kwenye kopo. Baadaye akajifunza kujaza mito, kisha kushona kwa shazia mishono mikubwa ya ndani isiyoonekana. Mishono yake ilikwenda upande, ikarudi, lakini haikuachia. Fundi akimaliza kiti, alimwita. "Kaa kwanza." Dadi anakaa, anafikiri, anasema "kinauma" au "hakiumi", na wateja wakapenda kumsubiri atoe hukumu.

Kitinda alikuwa amekwenda mbele. Alisoma, akasomea dawa, akaajiriwa kwenye duka la dawa lenye milango ya vioo, akavaa koti jeupe. Dadi alimpenda kwa mapenzi yasiyo na hesabu. Kila jioni alimngojea mlangoni, ampokee mkoba, amuulize, "Umeuza dawa?" Kitinda akijibu "nimeuza", anauliza tena, na tena. Kuna siku Kitinda alijibu zote tatu. Kuna siku alipita kimya akafunga mlango wa chumbani.

Msimhukumu haraka. Alikuwa na kidonda chake. Alikuwa amechumbiwa na kijana mmoja waliyependana sana, na siku kijana huyo alipokuja nyumbani na dada zake, walimkuta Dadi, wakatazamana. Haukupita muda kijana akaanza kupunguza safari. Mwishowe akamwambia, bila hata kuona haya, kwamba kwao wanasema mambo kama yale yamo katika damu. Kitinda hakumwambia baba yake sababu. Alimwambia dada yake, kwa kuwa alidhani hataelewa. Dadi alimsikiliza, akampangusa machozi kwa upindo wa gauni lake.

Alipokuja wa pili, mpima ardhi mmoja mtaratibu, mwenye mazoea ya kufikiri kabla ya kusema, Kitinda alimpenda kwa hofu. Wazazi wa kijana walipotuma habari kwamba wanakuja kujitambulisha, fundi alifurahi akavua makochi ya nyumbani kwake, yaliyokuwa yamechakaa kuliko ya mtu yeyote mtaani, maana mganga hajigangi. Alichagua kitambaa cha rangi ya zambarau. Dadi alifanya naye kazi siku zote, akijaza mito, akiuliza, "Wageni watakaa hapa?"

"Watakaa hapo hapo, mama."

"Na mimi nitakaa wapi?"

"Hapa, pembeni yangu."

Siku moja kabla ya wageni, Kitinda alimfuata baba yake karakanani. Alisimama akishikashika kitambaa asichokuwa na haja nacho.

"Baba, nina neno."

"Sema."

"Dadi anaweza kwenda kwa shangazi kesho? Siku moja tu."

Fundi aliweka nyundo chini. "Kwa nini?"

"Baba, unajua kwa nini."

"Sijui. Nieleze."

Ndipo Kitinda akamweleza habari ya yule wa kwanza. Alieleza taratibu, bila kulia, na hilo lilimuumiza fundi kuliko machozi. "Sisemi tumfiche maisha yote," alisema. "Waje wanizoee mimi kwanza. Nitamwambia mwenyewe baadaye. Naomba siku moja, baba. Sijawahi kukuomba kitu."

Ilikuwa kweli. Tangu utotoni alikuwa mtoto wa kuambiwa "subiri, nahangaika na mwenzako". Fundi alimtazama, akamwona ana miaka ileile ya kuambiwa subiri. Akakubali.

Asubuhi alimpeleka Dadi kwa shangazi, dada yake wa tumbo moja aliyekaa mitaa ya jirani. Dadi alikuwa amevaa gauni lake zuri.

"Wageni wanakuja kwa shangazi?" akauliza.

"Hapana. Leo utamsaidia shangazi kazi."

"Kesho ndiyo wageni?"

"Twende, mama, tunachelewa."

Wageni walikuja wakati wa alasiri. Walikuwa watu wa heshima, hawana makuu. Walikunywa chai, wakasifu makochi, na fundi akawatania kidogo kwa ile "kaa kwanza" yake, wakacheka. Mama wa kijana alikuwa mnene, mwenye sauti ya chini, na macho yake hayakuwa na haraka. Katikati ya mazungumzo akamgeukia fundi.

"Na Mungu amekujalia watoto wangapi, baba?"

Kitinda alikuwa ameshika birika. Fundi alimwona akiacha kumimina. Jibu lilimtoka kabla hajalipima.

"Mmoja. Ndiye huyu."

"Mmoja," mama yule akarudia, akatikisa kichwa taratibu, akapokea kikombe chake.

Jua lilipoanza kushuka fundi alikwenda kumchukua binti yake. Dadi alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha jikoni, miguu nje, anachambua mchele kwenye ungo. Shangazi alimvuta kaka yake jikoni ampe habari, naye akamweleza yote, hata lile jibu. Hakuweza kulificha, lilikuwa limemkwama.

"Umesema nini?" shangazi akasema. "Una mtoto mmoja?"

"Punguza sauti."

"Na huyu niliyeshinda naye tangu asubuhi ni wa nani? Ni wa jirani? Kaka, mke wako angekuwepo ungethubutu?"

"Atasikia."

"Asikie nini, na wewe umeshasema haelewi."

Dadi aliendelea kuchambua mchele. Njiani kurudi nyumbani fundi alingoja yale maswali yake ya mara tatu tatu, wageni walikaa wapi, walikunywa chai, nani alicheka. Hayakuja. Alijiambia kwamba binti amechoka.

Uongo ukishaingia nyumbani hudai chumba. Mtu aliyesema ana mtoto mmoja hawezi kuja harusini na wawili. Siku Kitinda alipoolewa, Dadi alishinda kwa shangazi, na shangazi mwenyewe alikataa kwenda harusini, akasema atakaa na harusi yake nyumbani. Kitinda aliapa atamweleza mumewe mambo yakitulia. Kila alipotaka kusema aliona jambo limekua kuliko jana. Kusema "nina dada" kungekuwa pia kusema "nilikudanganya, na baba yangu alikudanganya". Akanyamaza. Akaanza kupunguza kwenda kwao. Alipopata mimba hakwenda kabisa, akawa anaonana na baba yake kwenye duka la dawa, wakizungumza juu ya meza ya vioo kama muuzaji na mteja.

Nyumbani Dadi hakusimama tena mlangoni jioni. Alifanya kazi. Alizidi kuwa kimya, na vicheko vyake vya kuchelewa havikuja hata kesho yake. Fundi aliyaona hayo yote. Usiku hakulala vizuri, na mchana alipiga misumari mahali pasipo na mbao.

Habari zikaja kwamba Kitinda amejifungua mtoto wa kiume. Fundi alimwambia Dadi, naye akaacha koleo.

"Ni mdogo?"

"Mdogo sana."

Hakuuliza zaidi. Lakini kwa siku kadhaa fundi alimwona anaokota vipande vya sponji, vile vya kutupwa, na mabaki ya kitambaa laini cha buluu, anakaa navyo pembeni. Kisha akamletea baba yake kigodoro, upana wake kama wa kapu la nguo. Kilishonwa pande zote kwa ile mishono mikubwa iliyokwenda upande ikarudi.

"Kaa kwanza," akasema, na fundi akaelewa kwamba anamtaka akijaribu. Akakibonyeza kwa kiganja.

"Hakiumi," akasema.

"Mpelekee."

Alikwenda nacho peke yake. Nyumbani kwa wakwe alikaribishwa vizuri. Kitinda alikuwa amelala kitandani na mtoto, mumewe amekaa kando, na mama mkwe anapanga nguo za mtoto. Fundi alitoa kigodoro kwenye mfuko. Mama mkwe alikipokea, akakigeuza, akapitisha kidole juu ya mshono hadi kwenye kona.

"Huu si mkono wako, fundi," alisema. "Makochi yako nimeyakalia."

Fundi alianza kuukunja mfuko mtupu.

"Ni yule mkubwa?"

Kitinda alifumba macho.

"Unajua?" fundi akauliza.

"Tulijua kabla hatujaja kwenu," mama yule akasema, bila ukali. "Nani anaoza mtoto bila kuulizia? Tuliambiwa fundi ana mabinti wawili, mkubwa ana akili ya pole, na anafanya kazi na baba yake. Nikampenda huyo baba kabla sijamwona. Nilipokuuliza siku ile, nilitaka unitajie mwenyewe, nikuombe nimwone. Ukasema mmoja. Nikafikiri labda una lako, nisikuaibishe mbele ya watu. Nikangoja. Na mimi nimekosa. Nimengoja mno."

Fundi alimtazama mkwewe, yule mpima ardhi. Kijana alikuwa anatazama sakafu.

"Nilitaka aniambie yeye," alisema polepole, na alikuwa anamsema mkewe. "Nilidhani akiniamini ataniambia."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Walimficha mtu kwa watu waliokuwa wanamngoja. Kitinda alilia amegeukia upande wa pili, na hakuna aliyemnyamazisha.

Siku iliyofuata fundi alimwambia Dadi avae, wanakwenda kumwona mtoto. Dadi alivaa taratibu. Walitembea, baba akimshika mkono kwenye kuvuka barabara, ingawa sasa alikuwa mwanamke mzima. Walipokaribia nyumba ile, Dadi akasimama.

"Baba, wakiniuliza, niseme mimi ni nani?"

Fundi hakuelewa mara moja. Kisha akaelewa, na akaelewa pia tangu lini: tangu jioni ile ya mchele kwa shangazi.

"Useme wewe ni dada yake Kitinda," alijibu. "Useme wewe ni mwanangu. Wewe ndiye wa kwanza."

Dadi alimsikiliza kama alivyozoea kusikiliza, uso umeinama upande mmoja. Fundi alitaka kuomba msamaha pale pale barabarani, na aliuomba, kwa maneno mengi yaliyokanyagana. Dadi alimpangusa uso kwa upindo wa gauni lake, kama anavyompangusa mtu yeyote anayelia, kisha akasema, "Twende, jua kali."

Kitinda aliwapokea mlangoni, ameshamshika mtoto. Alikuwa amekonda, nywele hazijachanwa. Aliponyoosha mkono ulio wazi amkumbatie dada yake, Dadi alirudi nyuma kidogo, akapiga goti kidogo kama mama yake alivyomfundisha kuwasalimu watu asiowajua.

"Shikamoo," akasema.

Dada mkubwa anamwamkia mdogo wake. Kitinda angejibuje? Aliita "Dadi", akaita tena. Mwishowe ni mama mkwe aliyetokea nyuma yake, akaitika kwa ajili ya nyumba nzima, akamshika Dadi mkono na kumwingiza ndani. Dadi aliketi pale alipoonyeshwa, mikono mapajani. Alipopewa mtoto ampakate, alimpakata vizuri, akamtazama kwa muda mrefu, na akamrudisha kabla hajaombwa.

Tangu siku ile Kitinda anakwenda kwao mara kwa mara. Huenda na mtoto, huenda na mumewe, na wakati mwingine huenda peke yake akitoka kazini, na koti lake jeupe mkononi. Dadi humpokea. Humletea kiti, humletea maji kwenye glasi iliyo juu ya kisahani, halafu hurudi kwenye kazi yake. Mgeni hufanyiwa hivyo, naye alifundishwa adabu akaishika. Kitinda amekwisha kumweleza kwa kila njia anayoijua, amemwomba radhi kwa maneno mafupi na kwa maneno marefu, naye Dadi husema "haya". Lakini yako mambo ambayo kichwa chake huyashika kwa shida, na yakishashika hayatoki, na lile la "mtoto mmoja" ni mojawapo.

Fundi amezeeka. Mikono yake inatetemeka, na kazi nyingi sasa zinafanywa na wanafunzi aliowaajiri. Yeye na Kitinda wameshakubaliana kwamba siku yake ikifika, Dadi atakwenda kuishi kwa mdogo wake, na chumba kimeshatengwa, kina dirisha. Dadi alipelekwa akionyeshwe. Alikisifu, kisha akauliza ni cha nani.

Juzi Kitinda alikuja akakuta dada yake ameketi mbele ya kochi kubwa la kuvuliwa. Hakungoja kuletewa kiti. Alivua viatu vyake vya kazini, akaketi chini sakafuni upande wa pili wa kochi, akachukua bisibisi, akaanza kung'oa pini. Hakuzoea, akajichoma kidole. Dadi aliutazama ule mkono, akausogeza mahali panapofaa, akauacha. Wakaendelea hivyo, mpaka mumewe Kitinda alipofika kumchukua na kusimama nje kwa adabu akisubiri.

"Nenda," Dadi akamwambia, bila kuinua macho. "Watu wa kwenu wamekuja."

Kitinda akasema atakaa kidogo zaidi. Pini zikaendelea kudondoka kwenye kopo, za huyu na za yule.